Mbwa Mwema wa Mtu Mwenye Kisu

Kuna mbwa ananisumbua. Anaitwa Snuff, na ndiye msimulizi wa *A Night in the Lonesome October*, riwaya ya Roger Zelazny ya 1993. Anatusimulia Oktoba nzima, siku baada ya siku, nje kidogo ya London. Bwana wake ni Jack, yule wa kisu. Usiku wanatoka pamoja kusaka vitu vya tambiko la kuzuia miungu ya kutisha isiingie duniani.

Mimi nilimpenda Snuff, halafu nikashtuka. Ni mpole, mwaminifu, hata amefanya urafiki na Graymalk, paka wa upande wa pili. Lakini kuhusu kile kisu, haulizi sana. Si ndivyo tunavyosema hata sisi, "Mimi nafanya kazi yangu tu, bana"?

Utaniambia anaokoa dunia. Sawa. Ila kwenye riwaya hiyohiyo kuna kasisi anayepanga kumtoa binti kafara, na yeye pia ana sababu zake. Uaminifu peke yake hautofautishi hao wawili. Anayemfuata mtu lazima aulize anapelekwa wapi, na ni nani atakayelipa nauli.