Bibi hajui bei: Je, sarafu yake ni halali kwangu?



Leo naomba niliweke hadharani jambo langu mwenyewe. Nimelitafutia jibu vitabuni, nimewauliza walimu wenzangu, na kila mmoja kanipa lake. Wapo pia hapa mjini ndugu walioingia katika mapenzi haya ya kukusanya sarafu za kale, nao huniuliza: wapi mtu anunue kwa usalama na kwa bei ya haki? Zamani nilikuwa nikiwajibu haraka haraka. Siku hizi sijibu haraka.

Kisa chenyewe ni hiki. Idd iliyopita nilikwenda Tanga kuwazuru jamaa wa upande wa mke wangu. Yupo bibi mmoja, mjane, aliyeshasikia kwamba mume wa mjukuu wake anapenda vitu vya zamani. Akaniita ndani, akafungua kibweta, akatoa fundo la kitambaa. Mlikuwa na sarafu nane: saba za shaba, na moja kubwa ya fedha. Akasema, "Baba, hizi mimi hazinisaidii kitu. Nipe 20,000 ninunue dawa zangu za presha." Nikampa 25,000. Akaniombea dua ndefu, nami nikatoka nikijiona mkarimu.

Sasa nikiri. Zile za shaba zilikuwa pesa za Sayyid Barghash wa Zanzibar, za mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Upande mmoja zina maandishi ya Kiarabu, upande wa pili zina mchoro wa mizani. Hizo ni za kawaida na bei yake leo si kubwa. Lakini ile ya fedha ilikuwa riyali ya Sayyid huyo huyo, ya mwaka huo huo. Riyali hizo ni adimu, na katika minada ya nje huuzwa kwa mamia ya dola za Kimarekani. Nilipoishika tu mkononi nilijua kwamba thamani yake ni mara nyingi ya alichotaja bibi. Sikujua ni mara ngapi. Nilijua vya kutosha kunyamaza.

Niliporudi Dar es Salaam nikamsimulia mwalimu mwenzangu, mtu msomi na mcha Mungu. Akaniambia biashara imesihi. Bibi ana akili timamu, mali ni yake, bei kaitaja mwenyewe, umemwongezea, na hukusema uongo hata neno moja. Kisha akaniletea hoja nzito zaidi. Akasema elimu ya sarafu umeigharimia: umenunua vitabu, umepoteza usiku mwingi, umeshaliwa fedha zako mara kadhaa. Mkulima anauza nguvu zake, nawe unauza macho yako. Ukimlazimisha kila mwenye ujuzi aufichue bure mbele ya kila muuzaji, nani atajifunza?

Na kwa upande wa fiqhi alikuwa na pa kusimama. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi, na humo punjo peke yake, bila ya hadaa, haimpi mtu hiari ya kuvunja mauziano. Imam Nawawi anatoa mfano wa mtu aliyenunua kioo akidhani ni johari: hana hiari, kwa sababu kosa ni lake, angeuliza. Wanazuoni wa Kihanbali wao wana mlango mwingine. Wanampa hiari yule asiyejua bei, aliyejiachia kwa uaminifu mikononi mwa mwenziwe. Sikutaka kurukia madhehebu mengine kwa sababu tu nafsi yangu inanisuta. Nikarudi katika ya kwangu.

Huko nikakuta jambo ambalo nimelisomesha miaka mingi bila kulitazama. Mtume (s.a.w.) amekataza watu wa mjini kuutokea msafara njiani na kununua bidhaa zake kabla haujafika sokoni. Na Mashafi wanasema, mwenye msafara akifika sokoni akaona kwamba amepunjwa, ana hiari ya kuvunja. Jiulize ndugu yangu, kwa nini huyu apewe hiari na yule wa kioo anyimwe? Hakuna aliyemdanganya huyu. Bei aliikubali. Tofauti ninayoiona mimi ni moja: yule wa kioo alikuwa sokoni na wajuzi wamemzunguka, akazembea. Huyu wa msafara hakuwa na wa kumuuliza isipokuwa mnunuzi mwenyewe.

Je, bibi wa Tanga ni yupi kati ya hao wawili? Katika mtaa wake hakuna duka la sarafu. Hana kitabu cha bei wala simu ya kutazamia minada ya London. Mtu pekee anayejua aliyewahi kuingia chumbani kwake ni mimi. Msafara wake haujafika sokoni, na mimi nimeutokea njiani nikiwa nimevaa kanzu ya Idd.

Mwenzangu alisema hii ni kiasi, na kiasi kina masharti yake. Nakubali. Sidai kwamba nimetoa fatwa. Lakini biashara kusihi ni kitu kimoja, na mtu kuweza kuisimulia mbele ya aliyemuuzia ni kitu kingine. Jarir bin Abdillah (r.a.), aliyempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu, anapokewa kwamba alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, naye akamwendea mwenye farasi akamwambia farasi wako ni bora kuliko hivyo, akawa anampandishia mwenyewe hadi 800. Tunakisimulia kisa hiki mimbarini kama cha ajabu, watu wakatikisa vichwa, kisha tukatoka kwenda kununua.

Hoja ya ujuzi bado ina nguvu, na sitaki kuipita. Mfanyabiashara lazima apate faida. Anayenunua leo huenda akakaa na sarafu miaka mitatu bila mteja. Anayemwambia muuzaji, "Hii mnadani hufika kiasi hiki, mimi nakupa nusu kwa kuwa nina gharama na mimi ndiye nitakayeitafutia mteja," huyo amechukua ujira wa macho yake waziwazi, na muuzaji akikubali amekubali akiwa anajua. Mimi nilichukua ujira huo huo gizani.

Sasa tuligeuze, maana wengi wenu mko upande wa pili: ninyi ndio msiojua na muuzaji ndiye anayejua. Mfano mzuri ni reale, ile riyali ya Maria Theresa iliyotumika sana katika pwani yetu. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na sarafu zilizotengenezwa baada ya hapo kwa ajili ya biashara zikaendelea kuandikwa 1780, zikapigwa Vienna, Rome, London, Bombay na kwingineko. Hadi leo Vienna wanazitengeneza. Kwa hiyo kijana anayekwambia hii ina zaidi ya miaka mia mbili, angalia tarehe, ama hajui ama anakudanganya. Reale ya kweli ina uzito wa gramu 28 na kidogo, upana wa milimita 40 hivi, sumaku haiivuti, na pembeni yake pamechorwa maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma. Za bandia mara nyingi huanguka katika uzito au hapo pembeni. Sonara yeyote mwaminifu atakupimia kwa dakika moja.

Wapi basi pa kununua? Jibu langu ni kwamba usitafute mahali kabla hujamtafuta mtu anayekubali kurudishiwa. Yupo sahaba aliyekuwa akipunjwa sana katika biashara, na Mtume (s.a.w.) akamfundisha aweke sharti kila anapouziana kwamba kusiwe na hadaa; na katika baadhi ya mapokezi akapewa hiari ya siku tatu. Muuzaji wa sarafu anayekuandikia risiti yenye jina la sarafu, mwaka, madini na uzito, na akakuruhusu kuipeleka kwa mjuzi na kuirudisha, huyo ni salama hata akiwa kwenye kibanda. Anayekuambia kikishatoka hakirudi, mwache hata akiwa na duka la vioo.

Wanaonunua kwa mtandao wana lao. Zipo kampuni za Marekani kama PCGS na NGC zinazokagua sarafu na kuifungia ndani ya plastiki yenye namba; ni msaada mkubwa, ila hata hizo plastiki zinaghushiwa, hivyo hakiki namba kwao wenyewe. Usiangalie bei anayoiomba muuzaji, kwani kuomba hakuna mpaka. Tazama bei ambazo sarafu kama hiyo imekwisha kuuzwa minadani. Kumbuka pia kwamba mnadani mnunuzi huongezewa ada, mara nyingi karibu asilimia 20. Na ukiona bei inapandishwa na mtu asiyetaka kununua bali kukusukuma, hiyo ndiyo najshi iliyokatazwa, hata ikifanywa kwa kompyuta na mtu aliyejipa majina matatu.

Kwa sarafu za dhahabu na fedha lipo sharti ambalo ndugu wengi wanalisahau. Nilimkuta mmoja akitaka kubadilishana sarafu ya dhahabu ya Tanzania ya 1974, ile ya shilingi 1,500 yenye duma, kwa bangili za dhahabu zenye uzito zaidi, kwa kuwa sarafu ni adimu. Dhahabu kwa dhahabu ni sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Uadimu hauondoi hukumu. Tiba yake ni ile ya tende za Khaybar: uza chako kwa pesa, kisha nunua unachotaka kwa pesa. Wanazuoni wengi wa leo wanalitia sharti la mkono kwa mkono hata katika kununua dhahabu kwa noti, basi mwenye kulipa leo akasubiri mzigo wiki mbili amuulize kwanza shekhe wake.

Na zile ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, naomba tuziache zilipo. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuviuza bila kibali ni kosa. Zaidi ya sheria, sarafu iliyochimbwa usiku imepoteza nusu ya habari yake. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbuzi wa kitaalamu walikuta sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu; zingechotwa na mtu wa kuuza, leo tungekuwa na sarafu tupu na hatujui zilikaa na nini.

Nirudi kwa bibi. Baada ya wiki tatu nilipanda basi la Tanga. Nilimweleza yote, pamoja na kwamba nilijua tangu siku ile. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ungekaa kimya nisingejua." Sikuwa na jibu. Nilimwambia bei kamili siwezi kuilipa mimi mwalimu, achague: aichukue riyali yake au tuiuze pamoja. Zile saba za shaba akasema niwe nazo kwa 25,000 zangu, na kwa hizo dhamiri yangu haina neno.

Riyali ameichukua, imo kibwetani. Nimeipima kwa sonara, nimeipiga picha pande zote mbili, na nimemkataza mjukuu asiisugue kwa jivu, maana sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani yake. Picha nimezipeleka kwanza kwa watu wa makumbusho. Mteja akipatikana, ujira wangu wa udalali ni asilimia 10, tumekubaliana kabla sijaanza kutafuta, na mjukuu kauandika katika daftari lake la shule. Bibi alitaka iwe tano.