Kifua cha Mwanamume na Kisu cha Tabibu

Miongoni mwa masuala ambayo vijana wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, huyauliza kwa sauti ya chini, wakimngojea shehe atoke msikitini au padri amalize maungamo, liko hili: mwanamume ambaye kifua chake kimeota matiti mfano wa mwanamke, je, ana ruhusa mbele ya Mungu kwenda kukatwa, ama yampasa aridhike na umbo alilo nalo? Majawabu mawili hutolewa kwa haraka, wala hakuna hata moja linitoshalo. La kwanza husema kwamba kugeuza maumbile ni kumkosoa Muumba. La pili husema kwamba mwili ni mali ya mwenyewe, na mwenye fedha na afanye apendalo. Mimi naamini kuwa mwili ni amana, na aliyepewa amana hana hiari ya kuiharibu wala ya kuitelekeza. Lakini kabla hajaikabidhi kwa mikono ya mwingine, ni faradhi juu yake kutimiza kwanza lile lililo katika uwezo wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo nasema kupunguza uzito kutangulie, na kisu kifuate kikihitajika.

Nchi hii ina ushahidi wake wa kale juu ya unene. Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipofika katika ua wa Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, walikuta wanawake wa jamaa ya kifalme wakinyweshwa maziwa mchana kutwa hadi wasiweze kusimama wima. Speke alimpima mmoja wao, shemeji yake mfalme, akaandika kuwa mzunguko wa kifua chake ulikuwa futi 4 na inchi 4. Na kando ya mama huyo aliketi binti wa miaka 16 akinyonya mtungi wa maziwa, baba yake amemsimamia na fimbo mkononi ili asiache kunywa. Nyama ambayo leo kijana wa Kayanga huificha ndani ya sweta wakati wa jua kali, wakati ule, kwa wanawake wa daraja la juu, ilikuwa ni taji. Heshima na aibu ya nyama, basi, haikuandikwa katika nyama yenyewe. Imo katika macho ya watu, na macho ya watu hugeuka. Tena binti yule hakuwa na hiari: mwili wake ulinenepeshwa kwa ajili ya fahari ya wengine, kama vile kijana wa leo anavyoweza kukimbilia kisu kwa ajili ya dhihaka ya wengine, na katika hali zote mbili mwenye amana hakuulizwa.

Sasa na tuitazame hali yenyewe kama matabibu waijuavyo, maana fatwa isiyojua ugonjwa ni dhuluma. Vifua vinavyofanana kwa nje huwa vya namna mbili. Kimoja kimejaa mafuta matupu. Mtu akilala chali na kubonyeza kwa vidole viwili kuelekea kwenye chuchu, hakuti kitu ila ulaini. Cha pili kina tezi iliyokua kwelikweli, na vidole hukuta kokwa gumu kidogo, la mviringo, papo hapo nyuma ya chuchu. Aghalabu namna hizi mbili huchanganyika, kwa kuwa mafuta ya mwili hayakai bure: ndani yake imo kemikali inayogeuza homoni za kiume kuwa za kike, hata mnene akawa analisha tezi yake kwa unene wake. Wavulana wengi hupatwa na hali hii wanapobalehe, nayo huondoka yenyewe baada ya miezi sita au miaka miwili. Hao hawahitaji ila mzazi mwenye maneno mazuri. Wengine huipata kwa ini lililoharibiwa na rubisi na gongo. Wengine kwa dawa, na hapa sina budi kusema wazi, kwani Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983: efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI iliyomezwa na watu wengi kwa miaka mingi, ilijulikana kukuza matiti ya baadhi ya wanaume. Anayeshuku dawa yake na aende kliniki abadilishiwe. Kuiacha kwa siri kwa sababu ya aibu ni kuuza uhai kwa bei ya shati. Na uvimbe mgumu wa upande mmoja, au chuchu itoayo damu, haungojei kupunguza uzito hata siku moja, maana saratani ya titi huwapata na wanaume, ijapokuwa kwa nadra.

Jioni moja, katika uwanja karibu na Omurushaka, niliwaona vijana wakigawana timu kwa desturi ya siku zote, hawa wabaki na fulana, wale wacheze vifua wazi. Mmoja wao, mrefu, mwenye mguu wa kushoto uliokuwa ukisifiwa na wenziwe, alipoangukia upande wa vifua wazi alishika pindo la fulana yake, akalipandisha hadi kitovuni, akalishusha tena, akasema goti linamuuma, akaenda kuketi nyuma ya goli. Mzee aliyesimamisha baiskeli yenye mikungu ya ndizi akamwuliza, "Mwanangu, ni goti lipi hilo?" Kijana akainuka, akajibu, "Shikamoo baba. Si goti, waitu." Mzee hakuuliza zaidi. Uwanjani wawili walikuwa wakicheka, na nikatambua kuwa katika jambo hili dhambi iliyo dhahiri zaidi ilikuwa ni kicheko kile. Kurani katika sura ya Al-Hujurat imekataza watu kudharauliana, na Injili imeonya vikali juu ya amtukanaye nduguye. Ajabu yangu ni kwamba wanaojadili uhalali wa kisu ni wengi, na wanaokikemea kicheko kile ni wachache.

Kupunguza uzito, basi, kusiwe adhabu. Imamu Ghazali, katika Ihya, aliandika kitabu kizima juu ya kuzivunja tamaa mbili, ya tumbo ya kwanza, na baada ya kuisifu njaa alihitimisha kwa kusifu wastani. Kijana akijinyima hata akazimia shambani, au akinunua vidonge vya kukondesha asivyojua vimetengenezwa kwa nini, amejidhulumu. Ndizi na maharage si adui. Adui ni soda juu ya chapati, chupa juu ya chupa, na pikipiki iliyochukua nafasi ya miguu katika vilima ambavyo babu zetu walivipanda kila siku. Wala hakuna zoezi linaloteua mafuta ya kifua peke yake: mwili hupungua wote, polepole, na kifua hufuata.

Hapa tabibu na mcha Mungu hukutana. Tabibu hutaka uzito ushuke na utulie kwa miezi kadhaa kabla ya kupasua, kwa kuwa nusu kaputi ina hatari zaidi kwa mnene, kwa kuwa ngozi iliyopasuliwa kabla ya kukonda hulegea baadaye, na kwa kuwa anayeendelea kunenepa hurudishiwa kile alicholipa kiondolewe. Mcha Mungu hutaka hayohayo kwa sababu nyingine: jitihada humfunulia mtu ni kipi kilikuwa chake kukirekebisha na ni kipi hakikuwa. Wapo watakaopungua na kifua kikalala, wakabaki na fedha zao. Wapo pia watakaopungua kwa uaminifu na kokwa likabaki pale pale, limekomaa, maana tezi iliyokaa zaidi ya mwaka hugeuka kuwa ya nyuzi ngumu, nayo haisikii njaa wala jembe.

Juu ya hao sioni shaka kwamba kisu ni halali. Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani, aliruhusiwa na Mtume kutia pua ya dhahabu, wala hakuambiwa kuwa anabadili maumbile. Paulo wa Aegina, tabibu wa karne ya 7, alieleza jinsi ya kukata umbo la hilali chini ya titi la mwanamume, na Abulkasim al-Zahrawi wa Kordoba, tabibu Mwislamu aliyefariki yapata mwaka 1013, akaiwekea tiba hiyo sura yake katika kitabu chake Tasrif bila ya kuona haya. Kiongozi wa dini atakayemwambia kijana wa namna hii aridhike tu, na aeleze kwanza kwa nini sote humshukuru Mungu mtoto anaposhonwa mdomo wa sungura. Basi kijana huyo na aende hospitali ya Nyakahanga au ya Isingiro apimwe, na ikibidi apewe rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Na ndugu zake wauze gunia la kahawa kwa ajili yake kwa moyo uleule ambao wangaliuza kwa ajili ya ngiri.