Je, Tungoje Makaburi?



Mtu akionywa juu ya sigara mara nyingi hujibu: "Mbona babu yangu alivuta mpaka akafikisha miaka 90?" Jibu hili si la kuchekwa. Ndani yake mna swali la haki: twajuaje kwamba fulani ameuawa na sigara? Msalabani pa kaburi twaandika jina na tarehe, basi. Na asiyevuta naye hufa. Wanaotaja idadi ya vifo vya sigara huipataje, na je, hesabu hiyo inatudai jambo lo lote?

Njia yao ni kulinganisha. Mwaka 1951 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia barua madaktari wa nchi yao kuwauliza kama wanavuta. Wanaume zaidi ya 34,000 walijibu, wakafuatiliwa mpaka mwaka 2001 ili ijulikane nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Wavutaji na wasiovuta walikuwa wa nchi moja na kazi moja, lakini vifo vyao havikulingana hata kidogo. Hakuna aliyeweza kumnyoshea kidole marehemu mmoja mmoja. Ni kama mkulima anayekuta gunia lake limepungua: hajui panya amekula punje zipi, lakini ajua amekula, na akipima gunia atajua amekula kiasi gani.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Hesabu ya miaka 20 ya kwanza ilionyesha madhara madogo kuliko yalivyo kweli. Ilipotimia miaka 40 ndipo ilipodhihirika kwamba karibu nusu ya wanaovuta bila kuacha huuawa na sigara. Sababu ni muda. Sigara huua polepole, na waliokuwa wazee hapo mwanzoni hawakuwa wamevuta sigara nyingi tangu ujana, kama walivyofanya waliowafuata. Na babu yule wa miaka 90? Yumo katika nusu iliyosalimika. Wenzake wa nusu ya pili hawapo kuja kutoa ushahidi wao.

Vizazi navyo vilitofautiana. Kwa madaktari waliozaliwa kati ya 1900 na 1909, makisio yalikuwa kwamba katika kila wavutaji 100, watu 42 hufa kati ya umri wa miaka 35 na 69. Katika wasiovuta 100 hufa 24. Kwa waliozaliwa miaka ya 1920, wavutaji walikuwa 43, na wasiovuta 15 tu. Maisha bora na tiba mpya viliwaokoa wengi wasiovuta. Mvutaji alibaki palepale: alichopewa kwa mkono mmoja, sigara ilimnyang'anya kwa mkono wa pili.

Wanawake wa Uingereza walichelewa kuanza kuvuta, na kwa miaka mingi vifo vyao vilionekana vichache. Mwaka 2013 ikatolewa hesabu ya wanawake zaidi ya milioni moja, wengi wao wa kizazi cha kwanza kilichovuta kwa wingi tangu ujana. Wavutaji walikufa kiasi cha mara tatu ya wasiovuta. Kumbe haikuwa kwamba miili yao ina kinga; zamu yao ilikuwa haijafika. Zikaja pia sigara zenye kichungi na zile zilizoitwa nyepesi, watu wakadhani hatari imepungua. Lakini mvutaji wa sigara nyepesi huvuta kwa nguvu zaidi, akaupeleka moshi ndani zaidi. Jina lilibadilika, vifo havikupungua.

Hapo ndipo lilipo swali la dhamiri. Muuzaji wa kitu kipya husema, "Nionyesheni waliokufa." Hasemi uongo: waliokufa hawapo. Hawapo kwa kuwa leo wana umri wa miaka 18. Ndivyo tunavyoambiwa sasa juu ya sigara za kielektroniki. Uaminifu unatudai tusizidishe chumvi: hesabu yake ya miaka 50 haipo, maana miaka hiyo haijapita, na si haki kuitunga. Lakini kukosekana kwa makaburi si ushahidi wa usalama. Dalili ya mvua ni mawingu. Hatungoji kulowa ndipo tuanue mpunga.

Basi nani abebe mzigo wa kungoja? Naona si haki anayepata faida amtwike kijana mzigo huo, ili kijana awe ushahidi kwa kufa kwake. Na jambo hili haliko kwa makampuni peke yake. Mwenye duka anayemwuzia mtoto sigara mojamoja, na baba anayemtuma mwanawe kununua, wote hawaoni kifo cho chote siku ile. Kifo hicho kiko mbali, miaka 30 au 40 mbele, nao pengine watakuwa wamekwisha kusahau. Lakini umbali haupunguzi uzito wa tendo. Anayetega mtego njiani hana udhuru kwa sababu mpita njia atachelewa kufika.

Kwa mwenye kuvuta, hatusemi haya ili kumhukumu. Hesabu iyo hiyo inayotisha ina habari njema pia. Wale madaktari wavutaji walipoteza kiasi cha miaka 10 ya maisha. Lakini walioacha wakiwa na umri wa miaka 60 walijipatia miaka 3, wa miaka 50 walipata 6, wa miaka 40 walipata 9, na walioacha wakiwa na miaka 30 walipata karibu yote 10. Hakuna aliyechelewa mno. Tuwaambie hivyo, tuwasaidie, na tusiwatume watoto dukani.