Kisahani cha Kaniki

Mjukuu wangu, kesho unamchukua Kaniki, basi kaa hapa mkekani nikupe ya chakula chake.

Ana miaka 13. Kwa paka huo ni uzee, tena alihasiwa kabla hajatimiza mwaka. Paka akishahasiwa, mwili wake huhitaji chakula kidogo kuliko awali, lakini hamu ya kula huzidi. Atakulilia miguuni kama hajala tangu juzi. Kwa dume wetu wa kwanza, nilikiamini kilio hicho. Nilimwachia bakuli la punje kavu limejaa usiku na mchana, akanenepa hata kiuno kisionekane. Siku moja nikamwona amechuchumaa mchangani, anajikamua, hapati kitu. Nikadhani amefunga choo, nikampa mafuta ya nyonyo. Kumbe ni mkojo ulioziba. Siku ya tatu akafa, na mpaka leo naumia nikikumbuka alivyokuwa akinitazama. Ukimwona Kaniki hivyo, usingoje kuche. Mkimbize kwa daktari wa mifugo saa ileile.

Ndiyo maana nataka ale chakula chenye maji. Paka asili yake ni nchi kame, kiu yake ndogo. Akila kikavu hanywi kiasi cha kufidia. Cha kopo, zaidi ya robo tatu ni maji. Punje kavu hazina hata robo.

Watakuambia mzee apunguziwe nyama. Usikubali, maadamu figo zake nzima, kwani paka akizeeka minofu humyeyuka na nyama ndiyo inayoishikilia. Daktari akimpima akaona figo zimechoka, hapo fuata chakula atakachoagiza yeye.

Sisi wa pwani tumezoea kuwapa samaki wa kuchemsha na wali. Hicho humshibisha tu. Paka huhitaji kitu kiitwacho taurini, hawezi kujitengenezea cha kutosha, na ukichemsha samaki, taurini nyingi huhamia kwenye maji unayoyamwaga. Mwaka 1987, Paul Pion na wenzake kule California walionyesha kwamba ikipungua, moyo wa paka hutanuka na kulegea, na akirudishiwa huweza kupona. Kwa hiyo tafuta kopo lililoandikwa kuwa ni chakula kamili cha paka mzima. Neno “mzee” kwenye pakiti lisikubabaishe, kila kiwanda kina maana yake. Samaki awe tonge la kumfurahisha, ameiva, hana mwiba, hana chumvi. Mchuzi wenye vitunguu usimpe kabisa, unaharibu damu. Maziwa humwendesha.

Kila mwezi mtie kikapuni, mwombe muuza duka akupimie. Sasa ana kilo 4 na nusu. Akizidi, punguza kidogo kidogo, usimkatie ghafla: paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hulijaa ini. Akipungua nawe hujapunguza chakula, hasa kama anakunywa maji mno au anakula kwa pupa, mpeleke akapimwe figo, sukari na tezi ya shingo. Usiseme ni uzee.

Ukibadilisha chakula, changanya na kile cha zamani, uongeze polepole kwa wiki nzima au zaidi. Haya, kisahani chake ndicho hiki. Kopo la jioni liweke kidogo ndani ya maji ya moto, chakula kipate uvuguvugu. Pua yake haisikii harufu kama zamani, na kilichopoa hukigeuzia mgongo.