Je, Kumficha Mgonjwa ni Kumhurumia?

Mwaka 1999 huko Uskoti, mama mfupi mwenye kisukari alikuwa na mimba ya mtoto mkubwa. Daktari alijua kwamba kwa akina mama wa namna hiyo, watoto 9 au 10 katika kila 100 hukwama mabega. Hakumwambia, akihofia atataka upasuaji. Mtoto alikwama, akakosa hewa, akapata ulemavu.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mama alistahili kuelezwa.

Nia njema haitoshi. Anayeficha hatari humnyima mwenzake nafasi ya kuchagua. Basi baba, msindikize mkeo kliniki, mkaulize pamoja: mtoto ana ukubwa gani, na kuna njia zipi? Kuuliza si kukosa adabu.