Haki Haiishii Mlangoni

Mwaka 1931, mjini Madras, mwalimu wa hisabati aliyegeuka mkutubi, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni tano za maktaba. Mbili kati ya hizo zinajulikana kwa kila aliyesomea ukutubi: kila msomaji apate kitabu chake, na kila kitabu kipate msomaji wake. Mwaka huohuo, upande wetu wa Bahari ya Hindi, Nairobi ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, jengo la nguzo ndefu lenye sanamu za simba wawili mbele yake. Lady Lucie McMillan alilijenga kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan. Lilikuwa la Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi mwaka 1958.

Ukiwaza kwa makini utaona kwamba aliyeisimamia nyumba ile angeweza kuapa kwamba anaitii kanuni ya Ranganathan. Kila msomaji wake alipata kitabu. Dhuluma ilikuwa imekwisha kutendeka kabla kanuni haijaanza kazi, pale ilipoamuliwa nani ahesabiwe kuwa msomaji. Kanuni nzuri inaweza kufuatwa barabara ndani ya mipaka miovu, na wanaoifuata wakalala usingizi mnono. Kwa hiyo anayetaka kujua kama maktaba inatenda haki asitosheke kusoma kanuni zake. Aulize mipaka iliwekwa na nani, na iliwekwa lini.

Ubaguzi wa mlangoni una nafuu moja: unaonekana. Unaweza kuupiga picha, kuushitaki, na kuufuta kwa azimio moja. Kusini mwa Marekani, vijana weusi waliingia katika maktaba za Wazungu, wakaketi wakasoma, wakakamatwa. Wanafunzi tisa wa chuo cha Tougaloo walifanya hivyo mjini Jackson, Mississippi, mwezi Machi 1961. Nairobi nayo, mwaka mmoja baadaye, McMillan ilikabidhiwa halmashauri ya jiji ikawa mali ya umma. Katika hesabu ya watu wengi, mambo yaliishia hapo: mlango umefunguliwa, haki imetendeka.

Lakini kuruhusiwa na kupokewa ni mambo mawili. Mgeni aliyefunguliwa mlango kisha akaachwa amesimama ukumbini, asionyeshwe pa kukaa wala kuulizwa habari, anajua kabisa kwamba hakukaribishwa, hata kama hakuna aliyemfukuza. Msomaji wa Kiafrika aliyeingia maktaba ya umma baada ya uhuru alikuta rafu zilizopangwa na watu ambao hawakumtarajia. Mpangilio huo ndio tunaopaswa kuuhoji, kwa sababu hauna bango la kukataza wala askari wa kuzuia.

Chukua mfumo wa Dewey, unaotumika katika maktaba nyingi za Afrika Mashariki. Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876 akiwa mkutubi kijana wa chuo cha Amherst, Marekani. Aligawa maarifa yote katika mafungu kumi, na fasihi akaipa namba 800. Fasihi ya Kiingereza ina 820, ya Kijerumani 830, ya Kifaransa 840. Fasihi za lugha nyingi za Kiafrika zimewekwa katika 896, ndani ya fungu la 890, la lugha "nyingine". Riwaya ya Kiswahili inaangukia 896.392. Katika dini, namba kuanzia 220 hadi 289 zimeshikwa na Ukristo. Uislamu unapatikana 297, katika fungu la dini nyingine. Msomaji wa Lamu au Zanzibar, ambaye Uislamu ndio hewa anayoivuta, akifika rafuni anakuta hewa yake imehesabiwa miongoni mwa mabaki.

Mtu atasema: namba ni anwani tu. Anwani ndefu haimdhuru mwenye nyumba, mradi barua zinafika. Hoja hii ina uzito. Sidhani kuna aliyeacha kusoma Shaaban Robert kwa sababu ya tarakimu tatu baada ya nukta. Na ingawa Dewey mwenyewe alikuwa mbaguzi, kiasi kwamba klabu yake ya Lake Placid haikuwapokea Wayahudi wala weusi, na mwaka 2019 Chama cha Maktaba cha Marekani kikaliondoa jina lake kwenye mojawapo ya nishani za chama hicho, uovu wa mtu si lazima uwe uovu wa chombo alichokiunda. Chombo kihukumiwe kwa kazi yake.

Basi tukitazame kikiwa kazini. Dorothy Porter alianza kujenga mkusanyo wa maandishi ya watu weusi katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1930. Alipotafuta namna ya kuvipanga vitabu, aligundua kwamba katika maktaba alizozitazama karibu kila kitabu cha mtu mweusi kiliwekwa 325, namba ya ukoloni, au 326, namba ya utumwa. Hata diwani ya mashairi. Mwandishi angeweza kuimba mapenzi, bahari au mauti, lakini rafu ilimjua kwa jambo moja tu, nalo ni rangi ya ngozi yake. Porter akakataa. Mashairi akayaweka kwenye mashairi, historia kwenye historia, muziki kwenye muziki.

Hapa jibu la "anwani tu" linaporomoka. Anayetafuta mashairi huenda kwenye rafu ya mashairi. Asipomkuta mshairi mweusi pale, haondoki akisema kwamba kitabu kimepotezwa. Anaondoka akiamini kwamba watu weusi hawakuandika mashairi. Mpangilio umemfundisha jambo la uongo bila kutamka neno lolote. Miranda Fricker, mwanafalsafa wa Uingereza, aliuchambua mwaka 2007 udhalimu unaomlenga mtu kama mjuzi: kauli yake kupunguziwa uzito kwa sababu ya alivyo, au uzoefu wake kukosa nafasi katika dhana zinazotumiwa na wenzake. Rafu inaweza kutenda yote mawili, na kwa kuwa ni ya mbao na chuma hakuna anayeishuku kwamba ina maoni.

Dhuluma kama hiyo imo pia katika vichwa vya mada, yaani majina ambayo katalogi huyatumia kukusanya vitabu vya jambo moja. Sanford Berman, mkutubi Mmarekani aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Zambia na baadaye Makerere, alielezwa akiwa Lusaka kwamba neno "Kafirs", lililokuwa kichwa halali cha mada katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ni tusi zito kwa watu weusi wa kusini mwa Afrika. Tusi hilo lilikuwa likisafiri duniani ndani ya chombo kilichosifiwa kwa kutopendelea. Mwaka 1971 alitoa kitabu kizima cha kuipinga orodha hiyo, kichwa kwa kichwa. Kazi haikuishia hapo: mwaka 2014 wanafunzi wa chuo cha Dartmouth walidai kichwa kinachowaita wahamiaji "wageni haramu" kiondolewe, Maktaba ya Bunge ikakubali 2016, wanasiasa wakaingilia, na badiliko likaja 2021. Miaka saba kwa kichwa kimoja cha mada. Kisingekuwa na maana kisiasa, nani angekipigania hivyo?

Sasa nifike kwenye pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Mkutubi asiyeegemea upande ni ngao yetu. Tukimruhusu leo apange upya kwa jina la haki, kesho atakuja mwingine apange upya kwa jina la usalama wa taifa au maadili ya jamii. Sisi si wageni wa jambo hilo. Mwaka 1987 polisi wa Kenya walipita madukani wakikusanya riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari. Aliyeonja serikali inayochagua watu wasome nini ana sababu ya kuogopa mkutubi mwenye msimamo.

Ninaikubali hofu hiyo, lakini nadhani inachanganya mambo mawili. Kuna kutompendelea msomaji: tajiri na maskini, Mwislamu na Mkristo, Msomali na Mkikuyu, wote wahudumiwe kwa bidii ileile, na kila mmoja apewe anachokitafuta hata kama mkutubi anakichukia. Huo ni wajibu usio na mjadala. Na kuna kuuacha mpangilio ulivyo kwa madai kwamba kuugusa ni kuegemea. Hili la pili halistahili jina la kutopendelea. Mpangilio ulipendelea tangu siku ulipotengenezwa, na anayeulinda anaendeleza upendeleo wa aliyemtangulia.

Tofauti kati ya marekebisho ya haki na udhibiti wa mtawala inapimika. Mtawala hupunguza: anaondoa kitabu, anafuta jina, na sababu hazitaji. Haki huongeza: inaleta kitabu kilichokosekana, inakifanya kipatikane kwa njia nyingi, inaacha jina la zamani katika kumbukumbu ili historia isifichwe, na inaeleza hadharani kwa nini imebadilisha. Baada ya badiliko, hesabu tu: msomaji anaweza kukutana na vitabu vingi zaidi au vichache zaidi kuliko jana? Wanaojiita wapigania haki wakianza kuchoma au kuficha vitabu, nao wapimwe kwa kipimo hikihiki.

Kwetu Waswahili jambo hili lina sura mbili. Ya kwanza ni ya waliodhulumiwa. Mashairi mengi ya Muyaka wa Mombasa yamehifadhiwa kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyafafanua katika karne ya 19, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Leo karatasi hizo ziko katika chuo cha SOAS, London, na mkusanyo unaitwa wa Taylor. Jirani zake ni mkusanyo wa Hichens na wa Allen. Wazungu hao walifanya kazi kubwa, sipendi kuwanyima sifa. Lakini jina lililo juu ya mkusanyo humwambia mwanafunzi nani alikuwa mwenye ujuzi na nani alikuwa mtoa habari. Sheikh Yahya Ali Omar, msomi wa Mombasa aliyeishi London, alisaidia kuzieleza hati hizo kwa ujuzi wa mwenyeji. Kazi ya namna hiyo ndiyo ukutubi wa haki: hakuna hati iliyotupwa, na waliosahauliwa wanarudi kuonekana.

Sura ya pili hatupendi kuitazama. Hati zile kwa sehemu kubwa ni sauti za waungwana. Pwani yetu ilikuwa na watumwa kwa maelfu; maandishi yao yako wapi? Na Kiswahili chenyewe, kilichosukumwa kwenye 896, kimewasukuma wengine. Tanzania ina lugha zaidi ya mia moja, lakini mtoto wa Kisukuma au Kigogo akiingia maktaba ya mkoa hatarajii kukuta rafu ya lugha ya nyanya yake. Tulikuwa na sababu zetu, na umoja wa taifa ulikuwa sababu nzito. Sababu nzito haiondoi deni. Nasi tuna fungu letu la "nyingine", na hatuwezi kumlaumu Dewey kwa hilo.

Anayefundisha, awe mkutubi au mwalimu wa darasani, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya kazi hii. Tumezoea kumfundisha mwanafunzi kutumia katalogi kama chombo kisicho na mtengenezaji. Afundishwe pia kukihoji: atafute mada moja kwa majina matatu tofauti, alinganishe yanayotokea, aulize nani hayupo. Afundishwe kwamba simulizi ya mzee wa Pate ni ushahidi, na ipimwe kwa ukali uleule unaotumika kupima makala ya profesa: alijuaje, nani mwingine anasema hivyo, ana maslahi gani? Anayemkubalia mzee kila neno kwa sababu ni mzee wa Kiafrika hajamheshimu. Amemtoa katika safu ya wajuzi na kumweka katika safu ya mapambo. Kumheshimu mtu kama mjuzi ni kukubali kubishana naye.

Kazi imeanza kwingine. Nairobi, tangu 2017, Angela Wachuka na Wanjiru Koinange kupitia shirika la Book Bunk wamekuwa wakifufua McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na sehemu ya kazi hiyo ni kuorodhesha upya vitabu vilivyomo, kwa maana huwezi kusema nini kinakosekana kabla hujajua nini kipo. Si kazi ya watu wawili wala ya shirika moja. Ni yako pia, msomaji. Ukienda maktaba ya mji wako, uliza vitabu vya lugha ya kwenu viko rafu gani, na nani aliamua viwe hapo. Mkutubi akikujibu kwa sababu, hata sababu usiyoipenda, uko mahali panapojua wajibu wake. Akikosa jibu, andika barua kwa wenye maktaba na udai jibu, maana maktaba ya umma inaendeshwa kwa kodi yako, na umma ambao hauulizi hupangiwa na wengine.