Nadhiri ya Mahali

Miongoni mwa nadhiri waziwekazo watawa wa Mtakatifu Benedikto imo moja isiyosemwa sana na walimwengu, nayo ni ya kukaa mahali pamoja: mtu hujifunga kuishi katika monasteri ile ile hadi ajali yake imfikie. Naanzia hapo kwa kuwa suala nitakalo kulitafakari, yaani kama mahali paweza kuwa na tabia yake, na tabia hiyo ikaingia katika kitu kilichofanywa kwa mikono ya watu, limehojiwa kwa jembe katika mashamba ya mizabibu ya Burgundy, nchini Ufaransa, kwa karne nyingi. Wasomaji ambao divai kwao ni haramu nawaomba wastahimili. Hapa hatuinywi, twaihoji tu.

Mwaka 1098 watawa kadhaa walijitenga wakajenga monasteri ya Cîteaux, si mbali na mji wa Dijon, wakitaka kuifuata kanuni ya Benedikto bila takhfifu. Kanuni hiyo, katika sura ya 40, yaikubali divai shingo upande: afadhali mtawa asinywe kabisa, lakini maadamu hashawishiki, basi na apewe kipimo kidogo kwa siku. Ajabu ni kwamba watu hao wa saumu na kimya ndio waliolistawisha shamba la Clos de Vougeot, la hektari 50 hivi, wakalizungushia ukuta wa mawe. Asiyehama ana faida moja aikosayo msafiri: huona mwaka baada ya mwaka kwamba zabibu za juu mteremkoni, penye chokaa na pasipotuama maji, haziivi sawasawa na zile za chini penye udongo mzito, naye akifa, mwenziwe huendelea pale alipokomea.

Zabibu zenyewe, Pinot noir, ni nyeusi, lakini ukiipasua moja vidoleni utaona maji yake ni meupe. Wekundu wote umo katika ganda. Zikishatiwa katika pipa kubwa na kuanza kuchachuka, maganda hupanda juu yakafanya tabaka nene lenye joto, na mtu hana budi kulididimiza mara kwa mara, kwa mti au kwa miguu yake mwenyewe, ili rangi na ukali vishuke majini. Akizidisha, divai huwa kakasi. Akipunguza, huwa chapwa. Wapo wasemao kwamba mkulima hafanyi lolote, ardhi ndiyo inenayo. Mimi naona huo ni unyenyekevu wenye kiburi ndani yake, kwani mzabibu ukiachwa hutambaa mitini, wala mwituni hakuna divai.

Lakini hoja iliyo nzito zaidi ililetwa na mdudu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 phylloxera, aliyetoka Marekani, aliiangamiza mizabibu ya Ufaransa kwa kula mizizi, na dawa iliyofaa ikawa kuipandikiza juu ya mashina ya Kimarekani. Shamba la Romanée-Conti, lisilofika hata hektari 2, lilishikilia mizizi yake ya asili hadi 1945, kisha nalo likang'olewa likapandwa upya. Clos de Vougeot ilinyang'anywa Kanisa baada ya Mapinduzi ya 1789, na leo ina wenyewe wapatao 80. Ikiwa mizizi imebadilika, na wenyewe, na mikono, ni kitu gani basi kilichosalia hata tuseme divai ni ile ile? Nijuavyo mimi, kimesalia mpaka, pamoja na ridhaa ya watu kuuheshimu hata unapowatia hasara. Tangu 1946 hadi 1951 haikutoka divai yoyote kwa jina la Romanée-Conti, ingawa wenye shamba walikuwa na mizabibu mingine mizuri jirani ambayo wangaliweza kuiazima jina hilo. Nami katika mjadala huu naihesabu miaka hiyo mitupu kuwa shahidi wangu wa kwanza.